Njia ya Bondeni

Kaka yangu Athuman ana duka la viatu Mpanda mjini, na tangu watu wa mjini waanze kupenda kupanda milima amejifanya profesa wa milima. Ukienda kununua raba atakuuliza kama umewahi kuona miyombo ya Oktoba. Kama hujawahi, hutoki dukani bila kuahidi kwamba utakuja.

Kwa hilo simlaumu. Oktoba, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, miyombo iliyokuwa imekauka hutoa majani machanga mekundu, mengine rangi ya pilipili iliyoiva, mengine rangi ya asali. Muda si mrefu yanageuka kijani kama majani ya mahali pengine popote. Ukichelewa, imekula kwako hadi mwakani.

Mwaka huu alichagua mlima wa Ipwaga, mbele ya Kasekese. Kileleni kunafikika kwa njia mbili. Ya mgongoni ni ndefu, mawe matupu na jua la utosi. Ya bondeni inafuata kijito kilichokauka, kivuli na wekundu mwanzo mwisho, ila nyasi kavu zimesimama hadi kifuani. Watu wanataka picha, na Athuman anapenda kusifiwa, kwa hiyo akachagua bondeni.

Ijumaa mchana tulikuwa kwangu tukijiandaa. Mimi nasukuma chapati za safari, Athuman anakagua soli za raba moja moja kama daktari wa miguu. Binti yangu Sauda na rafiki yake Emelyne wanajaza maji kwenye chupa, huku wakibishana nguo ipi itang'aa zaidi kwenye picha. Simu ya Athuman ikaita, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa viatu, akaweka spika.

Alikuwa Maduhu, mfugaji wa Kisukuma ambaye boma lake liko nyuma ya mlima huohuo. Babu yetu alikuwa Mzaramo aliyeletwa Mpanda na kazi ya reli, na Mzaramo na Msukuma ni watani. Lakini hawa wawili walizidisha. Mwaka juzi Athuman alitangaza mnadani kwamba Maduhu amefariki. Watu wakaenda na kuni na unga wa msiba, wakamkuta marehemu anakamua ng'ombe. Mwaka jana Maduhu akalipiza. Alipiga simu kwamba tembo wamefunga njia ya mlimani, tukageuza gari, na mbele kidogo tukamkuta amekaa kando ya barabara anadai chapati zetu kwa kutuokoa. Hakuna aliyenuna. Kwa mtani hakuna kosa wala fidia, na anayekasirika ndiye anayeuvunja utani.

"Athuman," Maduhu alisema. "Kesho msipite bondeni. Tunachoma majani kule juu. Piteni mgongoni."

Wafugaji wa upande ule huchoma nyasi kuukuu kabla ya mvua ili majani mapya yawahi kutoka kwa ajili ya ng'ombe. Hilo Athuman analijua.

"Na wale tembo je, hawajambo?" akauliza, akitukonyeza. "Nyie Wasukuma mmezidi njaa. Lala, mtumwa wangu. Chapati hupati."

"Athuman, nisikilize..."

"Hupati hata moja!" Akakata simu. Wasichana wakacheka hadi maji yakamwagika. Mimi kuna kitu kilinikwama moyoni, nikashindwa kukijua ni kitu gani, nikageuza chapati.

Kesho yake tuliingia bondeni asubuhi, kundi la watumishi na wafanyabiashara, kila mtu na raba mpya. Niseme ukweli, palipendeza. Majani yalikuwa mekundu juu yetu na mekundu chini tulipokanyaga. Athuman alitembea mbele yangu akieleza kila mti, hata ule asioujua. Vijana walichoka kutusubiri wakatangulia. Sauda na Emelyne walipotelea kwenye kona ya kijito, lakini sauti zao tulizisikia.

"Mjomba Mtumwa!" Sauda aliita kutoka mbele. "Mbona mnatembea kama mmebeba mizigo?"

Watu wakacheka. Sauda akiwa mdogo aliamini kabisa kwamba jina la mjomba wake ni Mtumwa, kwa sababu Maduhu hakuwahi kumwita kitu kingine. Hata siku tuliyomzika baba, Maduhu aliruka kaburini akakataa kutoka mpaka apewe mbuzi, akampigia kelele Athuman, mtumwa, mtumwa, lete mbuzi, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka.

Hapo ndipo nilipokijua kile kilichonikwama.

"Kaka, jana Maduhu alikuitaje?"

"Aniiteje tena? Si kama siku zote?"

"Alikuita Athuman. Mara mbili."

Nililiona neno lile linavyomwingia. Upepo ulikuwa unatoka juu, unatupiga usoni, na katika upepo ule kulikuwa na harufu ya moshi.

Nikaita Sauda. Nikaita tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Hakujibu mtu. Kilichojibu ni mlio wa nyasi zinazopasuka, kwanza kwa mbali, kisha karibu, na ndege wakapita juu yetu wote wakielekea chini. Mwalimu Yotham, mtu mnene ambaye njia nzima alikuwa akilalamikia magoti, ndiye aliyepata akili ya haraka. Akawafokea watu wapande kwenye mwamba wa kulia, pasipo na nyasi. Wakapanda kwa mikono na miguu. Mimi nikakimbilia mbele, Athuman akanikamata.

"Niachie! Mwanangu yuko kule!"

"Hadia, moto huo!"

"Nani katuleta kwenye moto?" Nilimpiga. Nilimpiga kofi, kisha ngumi, yeye hakuniachia. Alinivuta hadi juu ya mwamba huku analia, na mimi nikimlaani kwa maneno ambayo bado sijayafuta.

Moto ulipita chini yetu. Ile miyombo tuliyoipiga picha iliwaka tukiitazama. Joto lilitufanya tufunike nyuso kwa mitandio na mashati, na kila moshi ulipofunguka kidogo nilitafuta gauni la njano la Sauda bondeni, huku nikiomba nisilione. Athuman alipiga magoti akirudia kusema, "Alinipigia. Alinipigia simu."

Kisha Yotham akanyoosha kidole upande wa pili wa bonde. Kwenye ardhi iliyokwisha kuungua, nyeusi tii, mtu alikuwa akishuka na fimbo. Nyuma yake vijana wetu, wameshikana mikono kwa mstari. Wa kwanza alikuwa wa gauni la njano.

Maduhu alikuwa amesimama kwenye mstari wa moto na wenzake, kila mtu na tawi bichi na kipande chake cha kulinda moto usivuke, aliposikia wasichana wanacheka bondeni. Akaacha kipande chake. Alipenya palipokuwa na moto mdogo, akawavusha hadi kwenye majivu. Nyusi zake zilikuwa zimeungua. Nilimshika miguu, akaniinua.

"Mama, mchukue mtoto," alisema. Athuman alimsogelea mikono wazi. Maduhu akamtazama, kisha akaondoka haraka kurudi alikotoka.

Habari nyingine tuliipata kutoka kwa watu wa Kasekese. Pale alipopaacha moto ulivuka. Uliingia kwenye boma lake, ukala zizi la ndama pamoja na ndama wote.

Jumapili tulikwenda. Njia nzima midomo ya Athuman ilikuwa ikicheza, najua alikuwa anatafuta utani. Mtani haendi kwenye msiba na pole. Huenda na matusi, na mwenye msiba akikutukana naye, basi mmepona. Mlangoni akavuta pumzi, akapaza sauti.

"Hodi, mtumwa wangu! Nimesikia mmechoma nyama bila kunialika!"

Esteria, mke wa Maduhu, aliacha kufagia majivu akamgeukia mumewe. Alisubiri. Wote tulisubiri. Nilimwomba Mungu amtukane kaka yangu, amtukane mpaka ukoo wetu wote uishe.

Maduhu akasimama. Akafuta vumbi kwenye kiti kwa kiganja, akakisogeza mbele ya kaka yangu.

"Karibu, Athuman," alisema kwa upole. "Karibu kiti. Nyumbani hawajambo?"

Kaka yangu alijibu kwamba hawajambo, akakaa.