Singo ya Bi Sheikha

"Singo ni ya biharusi, mama, wewe unajipaka kwa lipi—"

"Kwa ngozi yangu, Kulthum. Nnayo au sinayo?"

"—na mtaa mzima wa Kajificheni una pua."

"Basi waje wanuse karibu."

Mimi nipo kwenye ngazi na kikombe cha chai, namsikiliza shangazi Sheikha na bintiye wanavyokatizana maneno. Mwaka ule wa hamsini na sita shangazi alikuwa na miaka sitini na minane, na ngozi yake imemgeukia. Miguu imekauka kama samaki wa ng'onda, mikono ina nyufa, akijikuna inatoka damu. Lililomtesa zaidi ni udhu. Maji yakiingia kwenye nyufa, machozi yanamtoka. Kulthum alimwambia atayamamu.

"Nijipanguse vumbi na mfereji uko uani?" shangazi alimjibu. "Ramadhani hii nnatawadha kwa maji, na silii."

Zilibaki wiki tano. Daktari alikwishamwambia aache sabuni ya kufulia, aache dodoki na maji ya moto, na akitoka kuoga ajipake mafuta ngozi ingali mbichi. Akashika yote. Ila mafuta ya nazi matupu hakuyataka, anasema yanamfanya anuke mchuzi. Akayatia liwa, ule unga wa mti wa kunukia, na mawaridi ya Kidichi. Sasa hiyo ndiyo singo, na kwetu singo anapakwa mwari anayengoja harusi. Ajuza mjane akinukia singo, watu watauliza bwana nani.

Na waliuliza. Jioni ile barazani, kwenye kahawa, wazee wakataka kujua kwetu kunanukia nini. Ningeweza kusema mafuta ya ngozi. Nikasema, "Shangazi anasingwa."

Neno hilo moja tu. Mwanamke akisingwa, harusi ipo, halina maana nyengine.

Siku ya tatu jirani yetu Mwanakhamis akaja kuuliza sare ni kanga gani. Kulthum akalia, akaifungia liwa kabatini, ufunguo akautia kifuani.

"Nipe."

"Sikupi, mama. Umetuaibisha."

Shangazi hakubishana. Alichukua bakuli la mafuta matupu, akakaa uani akajipaka mguu mmoja, halafu wa pili, taratibu, bila ya kusugua. "Nikinuka mchuzi, nanuka mchuzi," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe Saud, Makerere umeishindwa, kusema kweli pia umeshindwa? Kawaambie ulisema uongo."

"Nshawaambia, shangazi. Wanasema nnaficha siri."

Akafanya hivyo kila siku, asubuhi na jioni. Siku nyengine akijikuna usiku, asubuhi anaanza upya. Wiki ya nne nyufa za mikono zikafunga. Alfajiri moja nikamsikia mferejini anatawadha. Mikono, uso, mguu wa kulia, wa kushoto. Kimya. Kulthum alisimama mlangoni anakisikiliza kile kimya mpaka maji yakafungwa, kisha akachomoa ufunguo kifuani, akamtilia mama yake mkononi.

Basi siku hiyo nyumba ikanukia tena. Baada ya alasiri tukasikia hodi. Ni Mzee Borafya, mshona kofia wa Mkunazini, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi. Kanzu imepigwa pasi, mkononi ana kitu kimefungwa kwa karatasi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba."

Kulthum alinitazama, nikatazama ukuta. Shangazi alijitanda vizuri, akakaa sawasawa.

"Kama ni posa, Mzee Borafya, rudi nayo. Mimi sikujipaka kwa ajili ya mume."

"Posa?" Mzee alishangaa kweli. "Nnavyosikia bwana ushampata, na Mungu awape heri."

Akaifungua ile karatasi. Ndani mlikuwa na chupa tupu, imeoshwa. Akatunyoshea vidole. Ncha zote zimepasuka, na kwenye ufa wa kidole gumba umenasa uzi wa hariri.

"Kila nikivuta uzi unakwama hapa. Mwezi mzima sikumaliza kofia hata moja," akasema. "Nnakuomba, Bi Sheikha, singo ya harusi yako ikibaki, nitilie humu."