Picha za Utosi

Msusi alikuwa na desturi moja ambayo hakuna mteja aliyewahi kuilalamikia: kabla mtu hajainuka kitini, alimpiga picha tatu kwa simu, moja ya ubavuni, moja ya kisogoni na moja ya utosini, kisha akazihifadhi kwa tarehe. Mteja mgeni akiuliza kama anauweza mtindo fulani, msusi hakupoteza maneno. Alifungua simu na kuisukuma juu ya meza.

Kichwa chenye picha nyingi zaidi katika simu ile kilikuwa cha wifi yake, mke wa kaka yake, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Kwa miaka kumi na minne hakikuwahi kuguswa na mkono mwingine. Siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza, msusi alisema kaka yake amejitafutia shida. Mgeni akajibu kwamba shida ameikuta mlangoni, imeshika kichana. Hawajaacha kutupiana maneno tangu siku hiyo.

Ijumaa hiyo mwalimu alikuja kufumua tu. Kesho yake alikuwa na miadi kwa daktari wa ngozi, na karani wa kliniki alimwagiza aje na nywele wazi, bila mafuta wala rasta. Msusi alifumua kuanzia kisogoni, akitupa rasta ndooni. Alipopitisha kichana cha meno mapana, nywele zilitoka bunda zima likajaa kiganja.

Mwalimu alilichukua lile bunda akaliweka pajani, akalitazama kama karatasi ya mtihani ya mwanafunzi aliyemtegemea.

"Na hili nalo ni la kawaida?"

Hiyo ilikuwa mara ya nne kuuliza mwaka huo. Mara tatu za kwanza msusi alimpa jibu lile lile: mtu mzima hupoteza nywele hamsini hadi mia kwa siku, zikiwa zimefungwa ndani ya rasta hazina pa kuangukia, basi baada ya wiki sita hutoka zote kwa mkupuo. Jibu hilo ni la kweli, na ukweli wake ndio uliomsaidia kuficha. Maana tangu Januari alikuwa ameona jambo jingine. Njia ya katikati ya utosi, iliyokuwa nyembamba kama mstari wa kalamu, ilikuwa imepanuka hadi ncha ya kidole ikaweza kulala humo. Hakusema. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amepewa ukuu wa idara, anatembea kifua mbele, na msusi alijiambia kwamba habari ya nywele haiozi. Mwezi wa tatu aliongeza nywele za bandia na kukaza zaidi kwenye panja ili zishike. Mwezi wa nne akaihamishia njia kushoto. Na nyusi za wifi yake zilipoanza kuisha upande wa masikioni, alizimalizia kwa wanja huku akipiga soga, na mwenyewe akadhani ni wembe wa msusi uliopita mno.

Safari hii hakurudia jibu lake. Alisema tu kwamba kesho daktari ataeleza.

"Twende wote," mwalimu akasema. "Kichwa hiki unakijua wewe. Mimi naishi chini yake tu."

Chumba cha daktari kilikuwa na kitanda chembamba, sinki lenye kioo kidogo juu yake, na dirisha linaloingiza mwanga bila kuonyesha barabara. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyezikata nywele zake karibu na ngozi. Mwalimu alimnong'oneza wifi yake kwamba huyu ama amekata tamaa ama anajua kitu.

Daktari hakuwa mtu wa mbwembwe. Alishika nywele kama sitini kati ya vidole, akazivuta taratibu kutoka shinani hadi nchani. Zikatoka tisa. Alizinyanyua kwenye mwanga, akawaonyesha kifundo cheupe mwishoni mwa kila moja: hazikukatika, zimeng'oka. Kati ya sitini, alisema, zikizidi sita kuna jambo. Kisha akaikagua ngozi kwa lenzi yenye taa, kipande kwa kipande, na kueleza kwamba matundu yote yapo na hakuna kovu. Tundu likiwepo, unywele una pa kurudi.

Maswali yakafuata. Kama mama au shangazi walipungukiwa nywele. Kama amejifungua karibuni, kama anatumia dawa yoyote, hedhi ikoje, anakula nini. Kama aliugua. Hapo mwalimu akachangamka: Mei alipata homa kali iliyomlaza wiki mbili. Na nywele zilianza lini kutoka? Julai, akajibu bila kusita, maana zilizotoka kabla ya hapo aliambiwa ni za kawaida.

Daktari aliandika, akaeleza. Homa kali huzishtua nywele. Nyingi huacha kukua kwa wakati mmoja, hubaki zimejishikiza tu, na baada ya miezi miwili au mitatu huanguka pamoja. Mei hadi Julai, hesabu inakubali. Hali ya namna hiyo haihitaji dawa, nywele hurudi zenyewe ndani ya mwaka.

Mwalimu alilipenda jibu hilo kama anavyopenda kila swali linalogawanyika bila baki. Alishusha pumzi na kumpiga wifi yake kofi dogo gotini.

Msusi angeweza kunyamaza, na wangetoka pale wanacheka. Lakini tarehe ilikuwa na kosa, na humo chumbani ni yeye peke yake aliyelijua. Akinyamaza, wifi yake atakwenda kungoja mwaka mzima kitu ambacho pengine hakiji. Akisema, atakuwa amejivua nguo mbele ya mtu anayempenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Alipiga moyo konde, akatoa simu.

"Daktari, haikuanza Julai. Ilianza kabla ya homa. Nina picha."

Aliiweka simu mezani. Utosi ule ule ulionekana mara nane, kuanzia Oktoba ya mwaka uliopita hadi Agosti. Daktari alivuta kiti, akazipitia moja moja, akarudi nyuma, akazipitia tena. Oktoba, uzi. Januari, unaanza kufunguka. Machi, mtu yeyote angeona. Kwenye ile ya Aprili aliuliza kwa nini njia imehamia pembeni.

"Nilikuwa naficha."

"Ulificha nini kingine?"

Msusi aliomba pamba. Aliilowesha sinkini, akamshika wifi yake kidevu kama anavyomshika siku zote, akafuta wanja wa jana kwenye nyusi zote mbili. Theluthi ya mwisho ya kila moja ikabaki kwenye pamba.

Mwalimu aliinuka, akajitazama kwenye kioo cha juu ya sinki. Alipitisha kidole mahali nyusi zilipoishia.

"Tangu lini?" akauliza, bila kugeuka.

"Januari."

Daktari alikuwa amekwisha kuyakata kwa mstari maneno aliyoyaandika. Sasa aliuliza mambo mengine kabisa. Anasikia baridi? Mwalimu alikiri kwamba ofisi ya walimu ikiwa imefunguliwa madirisha yote kwa joto, yeye huvaa sweta. Usingizi? Alikuwa akilala juu ya madaftari saa nane mchana. Uzito ulipanda, tumbo lilifunga, sauti ilikwaruza na yeye akasingizia vumbi la chaki. Mumewe alisema ni cheo kipya kinachomchosha. Daktari alimpapasa shingo, akamwambia ameze mate. Chini ya koo, alieleza, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Hiyo ndiyo inayoupa mwili mwendo wake. Ikizembea, kila kitu huzembea, nywele na nyusi zikiwemo. Lakini hakutoa hukumu. Alijaza fomu ya kupima damu: tezi, wingi wa damu, na akiba ya madini ya chuma. Maabara ikijibu ndipo naye atakapojibu.

Kisha akagusa panja. Nywele za hapo zilikuwa zimerudi nyuma, zimeacha ngozi inayong'aa.

"Hapa ni jambo jingine. Hapa ni kukazwa."

"Ni mimi," msusi akasema.

"Ni wewe," daktari akakubali, bila ukali wowote. "Ukilegeza sasa zina nafasi ya kurudi. Ukiendelea, hazitarudi."

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, mwalimu amekunja mkono uliotolewa damu. Mtu wa tatu alipoitwa, mwalimu akamgeukia wifi yake.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utalia."

"Nafundisha hesabu za logi mwaka wa kumi na sita huu. Umewahi kuniona nalia?"

Msusi aliomba msamaha, kwa sauti ndogo, na mwalimu akaupokea.

"Ukinificha tena nahamia kwa jirani yako wa duka la pili."

"Yule anasuka kama anafunga mzigo."

"Na wewe je?"

Walitazamana. Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, akicheka na nyusi nusu, na muuguzi aliyepita akawaomba wapunguze sauti.

Majibu yalitoka Jumatano. Chuma kilikuwepo cha kutosha. Tezi ndiyo iliyolegea. Kidonge kimoja kila alfajiri, tumbo tupu, chai baadaye, na damu kupimwa tena baada ya wiki sita. Daktari alimwonya kwamba usingizi na baridi vitatangulia kuondoka, nywele ni za mwisho kupata habari. Mwalimu hakutaka kungoja bila vipimo. Alipanga kazi: kila tarehe mosi, kiti kile kile, dirisha lile lile, njia katikati, bila wanja, picha moja. Naye msusi aliongeza picha ya nne kwa kila mteja, ya panja, na akawa anasema alichokiona. Wateja wawili walinuna. Mmoja alirudi na shukrani.

Mwezi wa pili wa vidonge msusi alitazama picha akasema hakuna tofauti. Wa tatu, hakuna. Aliyasema bila kuficha, na kila mara wifi yake aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesahihisha jibu sahihi.

Mwezi wa tano, baada ya kuzikausha nywele, msusi alikunjua taulo kwenye mwanga wa dirishani. Mwalimu aliona nywele juu ya kitambaa cheupe.

"Na hizi nazo ni za kawaida?"

Msusi alivuta kigoda, akaanza kuziokota kwa vidole viwili, moja moja, akizipanga pembeni kumi kumi. Wateja wengine walingoja. Ilichukua muda.

"Sitini na moja," akasema. "Ni za kawaida. Na hapa kwenye njia kuna fupi zimesimama, mwezi uliopita hazikuwepo."

Mwalimu alijiegemeza kitini, akafumba macho.

"Hesabu tena," akasema, na wifi yake akaanza upya.