Timu ya Njano na Duara la Magesa

Wallahi, haya ni kweli tupu. Asiyeamini apande gari hadi Ushirombo akalichungulie shimo lenyewe.

Tangu nistaafu, mimi Yasini wa Nyasubi nashinda kibanda umiza nikitazama ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Hesabu zake nilijifunza mwenyewe. Vijana waliishabikia timu ya njano kwa sababu ilikuwa inashinda. Nikawaambia, "Acheni kuhesabu ushindi. Tazameni imeshinda kwa pointi ngapi, na imemshinda nani. Njano wanaponea kwa kikapu kimoja, tena mbele ya vibonde. Wale wa timu ya kijani wanafungwa mara mojamoja, lakini wakishinda wanazika mtu. Njano itaanguka."

Ikaanguka, mechi baada ya mechi, kama ukuta wa tope ulionyeshewa.

Basi Magesa, mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Ushirombo, akanijia. Akavua viatu mlangoni kama anaingia kwa mganga.

"Mzee, nipigie na mimi."

"Nikupigie nini?"

"Hizo hesabu. Duara langu linatoa mawe mazuri, na watu wangu wanapanda salama kila siku. Ila juzi gogo la kukingia ukuta lilipasuka. Jana udongo umedondoka mgongoni kwa mtu wa mwisho."

Duara lile lilikuwa timu ya njano hasa: linashinda, lakini kwa pointi moja.

"Kesho msishuke," nikamwambia.

Hawakushuka. Asubuhi ardhi ikanguruma, duara likajifunga, likatoa vumbi jekundu lililoonekana mpaka Geita.

Nilipofika hapo siku nilipokuwa nikisimulia haya kijiweni kwenye kahawa, watu wote macho kodo, nikasikia sauti ya mke wa Magesa, Generosa, nyuma yangu.

"Shikamoo, Mzee Yasini."

"Marahaba, Mama Scolastika. Karibu kahawa."

"Kahawa baadaye. Ulimwambia nani asishuke?"

Nikaanza kupuliza kikombe kilichokwisha poa.

"Ulimwambia ashuke! Ulimwona ana hamu, ukampa alichokuja kutafuta. Ukasema duara lenye ushindi mwingi hivyo ni kijani. Aliyeficha kamba ya kushukia, wakashindwa kushuka, ni mimi. Na ukuta ulioanguka ni mmoja. Hilo vumbi la Geita ndio kwanza nalisikia leo."

"Mama Scolastika, hesabu zenyewe—"

"Hesabu zako wangezikwa nazo. Sasa baba Scolastika hasikii, anataka kufungua tena. Magogo hana. Wewe mikaratusi imejaa uani."

"Ile ni ya kuezekea nyumba!"

"Toa, mzee, toa!" Ibrahimu muuza kahawa akapiga kelele, na kijiwe kizima kikamuitikia.

Nimetoa. Naandika haya msumeno unalia uani. Magesa anashika kila gogo, analipima kwa viganja, anakunja uso. Sasa hivi amekuja dirishani kuniuliza kama sina manene zaidi.

Sina.