Shembilu Yupi?

Jumapili moja ya Kwaresima nilipata mke mwenza kanisani, bila posa na bila kupigiwa hodi. Mzee Dotto, mzee wa kanisa anayesoma matangazo kwenye kanisa letu la mtaa, alitangaza mazoezi ya kwaya, akatangaza mbuzi aliyepotea, kisha akashusha sauti kama mtu aliye msibani.

"Wapendwa, kwa masikitiko makubwa, ndugu yetu Shembilu ametengwa na meza ya Bwana. Ameoa mke wa pili huko Mombo. Tumwombee."

Akavua miwani, akaketi. Jina la kwanza hakulitaja. Baadaye alinieleza kwamba aliliacha kwa sababu ya upendo.

Kanisani kwetu kuna nyumba mbili tu za akina Shembilu. Ya kwanza ni ya Kristofa, mwenye mashine ya kupasua mbao barabara ya Shume, aliyetoa mabati ya kanisa, na kengele, na vile viti vya plastiki wanavyokalia wazee huko mbele. Ya pili ni ya mume wangu Sefania, ambaye siku ya mavuno alitoa kabichi. Kanisa zima liligeuka kumtazama mtoa kabichi.

Kristofa mwenyewe alikuwa mbele, kwenye kiti chake, akipekua kitabu cha nyimbo kwa bidii. Ibada ilipokwisha alimshika Sefania mkono mlangoni, akamwambia kwa ile sauti yake ya besi, "Jipe moyo, ndugu. Sote ni wanadamu."

Sefania akamshukuru. Ndivyo alivyo.

Niseme mapema kwamba sisi na Kristofa hatuhusiani hata kwa kuchanjiana damu. Wao ni Shembilu wa Mlalo, ukoo wenye makaburi na hadithi. Sisi ni Shembilu wa karani. Babu yake Sefania alipandisha milima hii kutafuta kazi ya kukata miti Shume, na jina lake lilikuwa refu kuliko subira ya karani aliyekuwa akiandikisha vibarua. Karani akawaandika kundi zima kwa jina la nyapara wao, akaenda kula. Nyapara aliitwa Shembilu. Kwa hiyo babu wa ukoo wetu, kwa haki kabisa, ni karani mwenye njaa.

Ukoo wa Kristofa ulilijua hilo vizuri kuliko sisi. Walipofanya sikukuu ya ukoo wakachinja ng'ombe, tulipita njiani tukasalimia. Tulijibiwa marahaba, tukakumbushwa kwamba sisi ni Shembilu wa jina tu, tukaendelea na safari huku tukinusa nyama.

Haya yote ningeyacheka. Lakini siku ya Pasaka mjukuu wetu alikuwa abatizwe, na binti yetu Raheli alimwomba baba yake awe msimamizi wa ubatizo. Raheli mwenyewe alipobatizwa, Sefania alikuwa hospitali na nimonia, hakuona kitu. Safari hii alikuwa na hamu kama mtoto. Jioni nilimkuta uani amebeba boga kubwa mikononi, anatembea polepole akirudia yale maneno ya kuahidi. Boga lilipoteleza alilidaka, akaliomba radhi.

Sasa mtu aliyetengwa hawezi kusimama mbele na mtoto. Hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, pamoja na wenye vikohozi.

"Baba Raheli," nilimwuliza usiku wa Jumapili ile, "hilo la Mombo unalijua?"

"La Kristofa? Nalijua. Nikishusha karoti kule bondeni naliona gari lake. Hulala pale kwenye nyumba ya bati jekundu, kwa mama mmoja wa duka la vitambaa."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama Raheli."

Nilipiga magoti nikaomba: Bwana, nipe uvumilivu, na kama leo umeugawa wote kwa wengine, basi nipe ulimi.

Jumanne walikuja akina mama wa kanisa kunifariji. Walileta ndizi, maharage na mchele. Kiongozi wao, Mama Secilia, alinikumbatia nikakosa pumzi. Wakaomba kwa zamu. Walimwomba Mungu amtoe huyu mzee kwenye joto la bondeni na kumrudisha kwenye baridi ya ndoa yake. Sefania alikuwa chumba cha pili anatengeneza mguu wa kiti. Kila walipofika mwisho wa ombi, tulimsikia akiitikia, "Amina."

"Ana moyo mgumu huyo," alininong'oneza Mama Secilia. "Anaitikia!"

"Mama Secilia, mume wangu hana mke Mombo."

"Hata mimi ningesema hivyo, mwenzangu." Akanipigapiga bega. "Zile nazi anazokuletea kutoka kule, umewahi kujiuliza anachumiwa na nani?"

"Nazi zinauzwa, Mama Secilia. Stendi nzima ya Mombo."

"Haya. Kula mchele wako."

Walipoondoka akaja jirani yangu Mwanamisi kuazima kinu. Yeye ni Mwislamu, na mambo ya kanisa letu huyafuatilia kuliko sisi wenyewe. Aliketi kizingitini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi.

"Efrazia, nyinyi watu mna mambo. Kwetu mke wa pili akiletwa, angalau watu wanakula pilau. Wewe umeletewa mke hata sura yake huijui, na pilau hakuna!"

"Mchele upo. Wameleta wao."

"Basi upike. Mke mwenza tumshibie."

Tukapika. Sefania akala sahani mbili na kusifu upendo wa washarika.

Siku iliyofuata nilimfuata Mzee Dotto shambani kwake. Alikuwa anapalilia viazi.

"Shikamoo, Mzee Dotto."

"Marahaba, mama. Pole."

"Pole ya nini? Unajua aliyeoa ni Kristofa."

Mzee Dotto akaegemea jembe, akatazama upande wa kanisa. "Mama Raheli, mabati yale unayaona?"

"Nayaona."

"Mvua ya masika ikinyesha, huwa unalowa?"

"Silowi."

"Basi."

"Basi nini? Jumapili sahihisha. Sema ni Kristofa."

"Siwezi. Nikisema Kristofa nitakuwa nimemtaja mtu. Kanisa haliaibishi watu."

"Na Sefania si mtu?"

"Mimi sikumtaja Sefania," alisema, akaniangalia kwa huruma, kama mwalimu anayemwangalia mtoto aliyeshindwa kujumlisha. "Nilitaja Shembilu. Kama jina limemkaa, si mimi niliyemvisha." Kisha akalainika. "Lakini njia ipo, na ni fupi. Pasaka mchungaji anapanda kutoka mjini kuja kubatiza. Sefania asimame, akiri, apokelewe tena kundini. Dakika tano. Baada ya hapo anambeba mjukuu wake."

"Akiri dhambi gani?"

"Mama, hakuna asiye na dhambi," alisema Mzee Dotto, akarudi kwenye viazi vyake.

Jioni hiyo Kristofa mwenyewe alikuja kwetu. Miaka yote amekuwa akiniita Mama Kabichi. Siku hiyo alibisha hodi akiwa na mkungu wa ndizi begani, akasema, "Shemeji, habari za hapa?" Nikageuka kuona shemeji ni nani.

Alikunywa chai yetu. Akatuambia kwamba ukoo ni kubebana, kwamba jina moja ni damu moja, na kwamba hata yeye, pamoja na kazi nyingi, huwa anatukumbuka katika maombi.

"Tumekuwa ukoo lini?" niliuliza. "Nitayarishe nguo ya sikukuu."

"Mama Raheli," Sefania akanikataza kwa upole.

"Mwache shemeji, ana uchungu," alisema Kristofa. "Ndugu yangu Sefania, wewe watu watakusamehe kesho tu. Wewe ni mtu mdogo, huna makuu. Mimi nikianguka, nitaanguka na wengi. Vibarua. Kwaya. Hata mke wangu moyo utamuuma."

Hilo la mkewe alilisema mwishoni, kama mtu aliyesahau chumvi akaikumbuka chakula kikiwa mezani.

Alipoondoka, Sefania alikusanya vikombe vya chai. Kisha akasema, "Nitakiri tu."

"Utakiri mke gani, wewe?"

"Dakika tano, Mama Raheli. Nikishapokelewa, Raheli atanipa mtoto. Nisipokiri, nitakosa tena, nikiwa benchi la nyuma. Mara ya kwanza nilikuwa mgonjwa. Safari hii nina miguu."

Raheli alipopigiwa simu alilia. "Tate," alisema, maana baba kwa Kishambaa ni tate, "nitatafuta msimamizi mwingine, usijitie uongo." Sefania akamjibu kwamba tayari amezoea uzito wa boga, na mtoto hawezi kuzidi hapo.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa hadi dirishani. Nashukuru Mungu kwa ufufuo, lakini nadhani wengine walikuja kwa ajili ya Sefania. Toba ya mtu mwingine huwaamsha watu mapema. Mchungaji, kijana aliyehamia mwaka huo na asiyejua bado nani alitoa bati gani, alisimama mbele akasema, "Naambiwa ndugu Shembilu yuko tayari kurudi kundini. Asimame."

Sefania akasimama. Nilishika pindo la koti lake, likanitoka mkononi. Alikwenda mbele na koti lake la harusi, akainamisha kichwa.

"Ndugu, unakiri nini mbele za Mungu na usharika huu?"

"Nakiri kuwa nimeoa mke wa pili huko Mombo."

Kanisa likashusha pumzi. Mama Secilia alishaanza kulia.

"Umemwacha?"

Sefania akafikiri. "Mchungaji, hapo sikuelekezwa."

Mtu alicheka kwenye kwaya, akajifanya anakohoa. Mchungaji akakunja uso. "Ndugu, huyu mama naye ni mtu wa Mungu. Nitahitaji kuzungumza naye. Anaitwa nani, na anakaa wapi?"

Kama ningekuwa mimi ningebuni jina. Majina yapo mengi. Lakini mume wangu, hata akiazimwa uongo, huurudisha ukiwa mzima.

"Anakaa nyuma ya stendi," alisema. "Nyumba ya bati jekundu, ana duka la vitambaa mbele. Jina lake, mchungaji, mimi silijui. Labda tumwulize Kristofa, maana gari lake ndilo hulala pale."

Alisema bila ubaya wowote, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kiti kimoja cha plastiki kililia kule mbele. Kristofa alikuwa anayatazama mabati aliyoyatoa, moja baada ya jingine. Mkewe, Tatu, alikuwa kwenye safu ya soprano. Alikishusha kitabu cha nyimbo taratibu, na sura yake haikuonyesha mshangao, ilionyesha uchovu tu. Nikaukumbuka ule mchele, zile ndizi na zile sala, vyote vilivyofika kwenye nyumba isiyohusika, nikashindwa kufurahi kama nilivyokuwa nimepanga.

"Mzee Dotto," mchungaji aliuliza, "ulimtangaza Shembilu yupi?"

Mzee Dotto akasimama, akavaa miwani, akaivua. "Mchungaji, mimi nilitangaza jina."

"Jina halioi," alisema mchungaji. Akamgeukia mume wangu. "Ndugu Sefania, una dhambi nyingine ya kukiri? Yako mwenyewe?"

Sefania akanitazama, kisha akamtazama Raheli aliyekuwa amembeba mtoto. Sauti yake ikashuka.

"Ninayo. Nimekubali kusema uongo mbele ya madhabahu ili nimbebe mjukuu wangu. Nilijua ni uongo nikaja hivyo hivyo."

"Hiyo kweli ni yako," alisema mchungaji. "Umesamehewa kwa jina la Yesu. Kristofa, wewe tutaongea baada ya ibada. Raheli, mlete mtoto."

Sefania akampokea. Mtoto hakuteleza kama boga. Maneno ya kuahidi aliyasema yote, na pale pa kukataa kazi zote za Shetani alisema kwa nguvu mpaka mtoto akaamka akalia. Yunisi, ndilo jina alilobatizwa. Alilia kwa sauti kubwa hata kengele ya Kristofa isingemshinda, na babu yake alitabasamu kama mtu aliyepewa milima yote hii pamoja na maji yake.

Nje, watu walimzunguka. Waliokuwa wakinipa pole sasa walinipa hongera, wengine kwa uso ule ule. Mimi nilikwenda kwanza kwa Tatu, nikamwambia kuwa kesho nitapita kwake. Akanijibu, "Njoo. Lakini usiniombee sana, njoo tu tunywe chai."

Niliporudi, Mama Secilia alikuwa ameinamia uso wa mtoto.

"Mzuri! Na huyu kwa baba yake ni ukoo gani?"

Nilimshukuru Mungu kwamba binti yetu aliolewa nje ya jina. "Shekighenda," nilisema.

"Shekighenda?" Mama Secilia akainuka, akanivuta kando kwa mkono. "Si wale wa Bumbuli?"

"Hapana. Hawa ni wa Soni."

"Ee," alisema, akiwa amenishika bado. "Maana wale wa Bumbuli, mwenzangu, nimesikia..."