Kofia ya Bromini

...kesho nitairekebisha, alisema Suzhen, akaiweka brashi juu ya kibakuli cha wino, akaenda kuosha mchele, na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida nililoliona, maana kabla wali haujaiva moyo wa mke wangu ulisimama, na leo ni siku ya saba, chati ya elementi iko mezani alipoiacha, brashi sasa ninayo mimi, imelowa, na jikoni shemeji Yuelan anasema, "Shemeji, unanisikia? Usifunge mlango leo, siku ya saba roho hurudi nyumbani, dada anarudi, nimempikia samaki..." nimesikia, najibu, huku naitazama safu ya halojeni aliyowaandikia wanafunzi wangu, florini, kwa maandishi yetu ya Kichina, imevaa alama ya hewa kichwani kama kofia, klorini vilevile, bromini inatakiwa alama ya maji ubavuni, iodini ya jiwe, hewa, maji, jiwe, maandishi yetu yenyewe yanafundisha kwamba ukishuka safu molekuli zinazidi kung'ang'aniana, ingawa katika kila atomi elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini... naye Suzhen bromini kaivika kofia ya hewa. "Hapo ni maji," nilimwambia. "Mzee Wei, chini yake si nimeandika alama ya kunuka? Harufu inakufikia kwa maji au kwa hewa?" akacheka mpaka wino ukamdondokea, nami sikucheka, nikasema watoto watafeli, na baada ya hapo sikumwambia neno jingine, mchele ulikuwa unaoshwa... Kiraka cha karatasi nimekwisha kukikata, nikikibandika naufunika mwandiko wake wa mwisho, nikikiacha nafundisha kosa, na somo ni kesho. "Shemeji! Wino huo, suruali yako!" naam, naona, tone jeusi gotini, lakini ninachokiona hasa ni kile kichupa cha bromini kilichozibwa, kimiminika kidogo chini, na juu yake, mpaka shingoni, mvuke mwekundu umejaa, miaka thelathini nakionyesha darasani na kidole changu kinaelekea chini tu... "Samaki anapoa, shemeji," naam, nakuja, brashi bado mkononi.

Asubuhi nilitundika chati kama ilivyo. Peiwen, wa dawati la mbele, akasema, "Mwalimu, bromini imekosewa, ni maji." Nikawaambia ni kweli, kwenye mtihani waandike maji. Kisha nikakiinua kichupa dirishani, nikawaonyesha kwa kidole mvuke mwekundu uliokuwa juu ya kimiminika.