Sufuria Nyuma ya Matete

Mzee Anyitike hakuwa na mke, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na magego ya kutafunia mahindi ya kuchoma, na tangu mwanawe Saulo aende kwenye migodi ya shaba, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye nyumbani kwake mwenyewe.

Si kwamba alikaa peke yake. Mkamwana wake, Sekela, aliishi chumba cha pili katika nyumba ileile ya mtaa wa Mlandege, mjamzito, miguu imevimba hata kusimama jikoni hawezi. Lakini wao walikuwa Wanyakyusa waliotoka upande wa Mbeya, na kwao mkwe na mkamwana hawaonani uso wala hawasemezani. Mchungaji alikwisha kumwambia mzee kwamba desturi ile si lazima kwa mtu aliyebatizwa. Mzee akaishika vilevile. Ng'ombe walikwisha, heshima ndiyo iliyobaki.

Saulo, kabla ya kupanda lori, alisema neno moja tu: "Baba, nikirudi niwakute wawili, mama na mtoto."

Kwa hiyo mzee alipika. Zamani alikuwa mpishi wa kambi ya watengeneza barabara kule Igawa, na mikono yake haikusahau. Chakula kilitoka kwa Damari, mjane wa bondeni ambaye Saulo alimlimia shamba lote. Malipo yake yalikuwa kapu kila Jumamosi, la chochote kilichopatikana wiki hiyo. Mvua zilipoanza, kapu lilikuja na majani ya maboga matupu, naye akayaunga kwa karanga. Baadaye yakaja majani ya kunde, kisha maharage mabichi, machache.

Akishapika, aliweka sufuria chini ya ukuta wa matete uliogawa ua, akakohoa, akageuka. Sekela aliivuta upande wake. Akionja, aligonga mfuniko kwa kijiko mara mbili, kumshukuru. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

"Siku hizi mkamwana ni wewe," Othmani wa dukani alimtania. "Bado kujifunga kanga tu."

"Na wewe bado kuonja," mzee akajibu.

Jumamosi moja ya Januari Damari alileta uyoga, kapu zima, ungali na udongo.

"Upike leo, baba. Ukilala huu, umeoza."

Mzee aliuosha taratibu, akaukaanga kwa kitunguu, akasonga ugali laini. Akaweka, akakohoa, akageuka. Sufuria ikavutwa. Mzee akauosha mwiko. Kisha kijiko kikagonga, mara mbili, mara tatu, kikaendelea. Mzee akatabasamu peke yake pale uani. Kikagonga kwa nguvu zaidi, kikapumzika, kikaanza tena. Hata Wazungu wa barabara hawakupata kumsifu namna ile. Alikohoa kujibu, akachukua fimbo yake, akaenda kumsimulia Othmani.

"Uyoga tu?" Othmani aliuliza.

"Uyoga tu. Kazi ni kujua moto."

Akakaa pale akieleza habari za moto hata jua likaanza kushuka. Aliporudi, aliiona sufuria kupitia chini ya matete. Chakula kilikuwa vilevile, inzi wamekijaa. Akakohoa. Akakohoa tena. Akaweka mkono juu ya matete. Yalikuwa mepesi, hata kuku aliweza kuyasukuma. Akauondoa mkono, akakimbilia kwa jirani yake, Mwanakhamisi.

Mwanakhamisi aliingia. Alipotoka, mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni.

"Mama yupo," alisema. "Mtoto hatunaye. Alikuwa wa kiume."

Akajipangusa mikono.

"Hukusikia kitu, mzee?"

"Alikuwa anagonga."

"Ameng'ata kanga mpaka ikatoboka, asikupigie kelele wewe mkwewe. Ndipo akagonga. Ulitaka afanye nini kingine?"

Walimzika mtoto Jumapili. Juma lililofuata, Sekela alipoanza kunywa uji, mzee aliketi karibu na matete, akasoma kwa sauti barua aliyoiandika:

"Mwanangu Saulo, tumempoteza mtoto kwa mapenzi ya Mungu. Alikuja kabla ya wakati wake, na hapakuwa na la kufanya."

Upande wa pili kijiko hakikugonga. Kisha ikaja sauti nyembamba, ambayo katika miaka yote ile hakupata kuisikia.

"Baba. Mwandikie kwamba niligonga."

Mzee akaichana ile karatasi, akachukua nyingine. Aliandika: mkeo aligonga, nami nilikuwa hapo karibu, nikadhani ananisifia mapishi, nikaenda dukani kujisifu. Hakutaja mapenzi ya Mungu.

Gundi ya bahasha ilikuwa imeisha nguvu. Akachovya kidole katika sufuria ya uji, akaupaka ukingoni, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Akapanda kilima kwenda posta, akaitumbukiza barua katika sanduku.