Kikohozi na Treni ya Krismasi

Watu wanaorekodi treni za mvuke wana sheria yao ambayo hakuna aliyeiandika: treni ikishasikika, hakuna kusema. Vinasa sauti viko wazi, na kila mtu anataka ile sauti peke yake. Sasa baba yangu, Edric, anaumwa kifua. Krismasi iliyopita alikohoa pale mlimani, na kikohozi chake kikaingia kwenye filamu ya kila mtu.

Ndiyo maana mwaka huu nilikwenda naye. Nilipokuwa nafunga gari, Aldous Thirlby, ambaye wenzake wote humsikiliza, alinivuta kando.

"Corrie, mwanangu, unajua nampenda baba yako."

"Najua, mzee Aldous."

"Leo ndiyo mara ya mwisho. Mwaka ukiisha, injini hii, Lady Orrin, inaingizwa karakana, boila lake la mvuke halina kibali tena. Haitatoka. Sasa kikimpanda kile kitu chake..."

"Nitamtoa."

"Hata akikataa?"

"Hata akikataa."

Baba alikuwa mbele yetu, anahangaika na miguu ya kamera kwenye matope. Sijui kama alisikia. Njiani, ndani ya gari, alikuwa ameniambia, "Nikiikosa hii, sina nyingine." Hakusema kama ni habari ya injini au ni habari yake mwenyewe.

Theluji ilikuwa inashuka nusu maji, upepo unaipiga ubavuni. Kondoo walikuwa wamejibanza kwenye ukuta wa mawe nyuma yetu. Wanaume walisimama mstari mmoja, mifuko ya plastiki imefunika kamera zao.

"Edric, umekuja na yaya?" Nev Cragg akamchokoza.

"Nimekuja na dereva. Wewe mkeo amekufungulia mlango, au umetokea dirishani?"

Wakacheka. Baba akacheka kidogo tu, kwa mdomo, kifua asikiguse.

Treni ilichelewa. Mtu mmoja akasema reli zinateleza kule bondeni. Baba alimumunya pipi za mnanaa, moja ikiisha anatia nyingine. Kila mara alifuta kioo cha kamera, akachungulia, akaisogeza kidogo, akachungulia tena. Vidole vyake vilikuwa vya buluu. Nilimmiminia chai, akakataa, akasema mvuke wake utamkereketa koo.

Kisha filimbi ikalia mbali, chini, upande wa daraja. Wote wakabonyeza vitufe vya kamera, baba naye. Maneno yakakatika.

Mimi sikutazama reli. Nilimtazama baba mgongoni. Nikaona mabega yanapanda. Akameza. Yakapanda tena, akameza tena. Akanigeukia, macho yamejaa maji, akatikisa kichwa taratibu kama mtoto anayeomba asichukuliwe bado. Injini tayari ilikuwa inasikika, ule mhemo wake mzito wa kupanda mlima.

Nikamshika mkono. Kwanza alijitia uzito. Halafu akaja.

Tukapita kwenye pengo la ukuta, tukachuchumaa kwenye mavi ya kondoo, akazika mdomo wake ndani ya koti langu na kukohoa. Alikohoa mwili mzima. Nilimbana kichwa kwa mikono yote miwili. Mawe yalitetemeka mgongoni mwangu treni ilipopita, moshi ukavuka ukuta ukatuangukia. Nikasikia watoto wanaimba ndani ya mabehewa. Baba alijaribu kuinua kichwa atazame, kikohozi kikamrudisha chini.

Tuliporudi, Thirlby alimpa mkono. "Safi kabisa. Asante, Edric." Alikuwa anamshukuru kwa moyo wote, na baba akaitikia, "Usijali, bwana."

Nev alikuwa amekwisha kuinamia kamera ya baba. "Njooni muone hii." Wakajikusanya. Injini ilikuwa imetokea kwenye theluji, shada la majani limefungwa usoni, moshi umelala nyuma yake wote, hakuna kilichokatika. "Ya Edric imetushinda sote," Nev akasema. "Ila mbona hukuigeuza kamera ikaifuata?"

Nev akatazama pengo la ukuta, akatazama magoti yetu. Akatoa leso akaanza kukifuta kile kioo, japo treni ilikuwa imeshapita.

Nyumbani baba hakuvua hata koti. Akaiweka filamu kwenye televisheni. Treni ikaja, ikajaa, ikatoka pembeni. Zikabaki reli tupu. Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha."

Theluji ilikuwa inaanguka juu ya reli, matone yanaongezeka kwenye kioo cha kamera, picha inafifia. Baba akaongeza sauti, akasogeza kiti karibu, akainamisha sikio. Upepo. Kondoo mmoja. Upepo tena.

"Huwezi kunisikia," akasema. "Hata kidogo."

"Hapana, baba."

Akaendelea kusikiliza.